Fasihi Chuo Kikuu: Mwongozo kwa Anayetaka Kusoma na Kuandika

Katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki ni nadra kukuta shahada ya kwanza ya uandishi wa kubuni inayojitegemea. Kilichopo ni shahada ya Kiswahili, ya fasihi, ya sanaa za maonyesho, au ya ualimu yenye Kiswahili kama somo la kufundishia. Ndani yake uandishi hutengewa kozi moja au mbili, mara nyingi za hiari. Marekani walipita njia nyingine: Chuo Kikuu cha Iowa kilianzisha warsha yake ya waandishi mwaka 1936, na mwanafunzi wa huko huhitimu uzamili kwa kuwasilisha hadithi au mashairi yake mwenyewe. Afrika Mashariki, mwandishi chipukizi huingia chuoni kwa mlango wa uhakiki. Anafundishwa kusoma, kuandika anajitafutia.

Mlango huo umepitisha watu wengi. Ebrahim Hussein aliandika Kinjeketile akiwa mwanafunzi Dar es Salaam, na tamthilia hiyo ikachapishwa mwaka 1969. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilitoka mwaka 1971, mwandishi akiwa ndiyo kwanza ametoka chuoni. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walifundisha huku wakitunga, na mwaka 1976 wakatoa kwa pamoja kitabu cha Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Nairobi, Kyallo Wadi Wamitila ameandika riwaya na ameandika pia Kamusi ya Fasihi. Upande wa pili yupo Shaaban Robert, aliyekuwa karani wa serikali, na Abdilatif Abdalla, ambaye mashairi ya Sauti ya Dhiki (1973) aliyatunga kifungoni na baada ya miaka mingi ndipo akaja kufundisha Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Leipzig. Kwa hiyo chuo si sharti la kuandika. Kinachotoa ni miaka mitatu au minne ya kusoma, maktaba, wasomaji wakali na wenzi wa rika moja wenye kichaa kilekile. Asiyevitumia hivyo hutoka na cheti tu.

Kuchagua idara

Makosa mengi huanzia kwenye fomu ya maombi. Nchini Kenya, idara ya fasihi na idara ya Kiswahili ni nyumba mbili tofauti, na sababu yake ni ya kihistoria. Oktoba 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wa kutaka Idara ya Kiingereza ya chuo cha Nairobi ivunjwe, na mahali pake pawe na idara itakayoweka fasihi ya Afrika katikati, fasihi simulizi ikiwamo. Idara ya Fasihi iliyotokana na mjadala huo ilibadilisha vitabu, lakini lugha ya kufundishia ilibaki Kiingereza. Anayetaka kusoma riwaya, tamthilia na ushairi wa Kiswahili kwa Kiswahili chenyewe huomba Kiswahili, naye akubali kwamba sehemu kubwa ya kozi zake za lazima zitakuwa za isimu: fonolojia, mofolojia, sintaksia. Wengi huzinung'unikia. Zinafaa kuliko zinavyoonekana, kwa kuwa mwandishi anayejua kitenzi cha Kiswahili kinavyobeba nafsi, wakati na mnyambuliko ana vifaa ambavyo mwenzake hana.

Dar es Salaam Idara ya Kiswahili iliundwa mwaka 1970, chuo kilipokuwa chuo kikuu kamili, nayo ikachagua kufundisha kwa Kiswahili. Uamuzi huo uliwalazimu walimu wake kubuni istilahi za uhakiki huku wakifundisha. Mwaka 2009 idara hiyo iliunganishwa na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili kuwa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. Chuo hichohicho kina idara ya fasihi inayotumia Kiingereza, na pia masomo ya sanaa za maonyesho, ambako tamthilia husomwa kwa kuchezwa. Mwenye nia ya kuandika tamthilia na asiguse jukwaa anajipunja: mazungumzo yanayopendeza kwenye karatasi huweza kumkwama mwigizaji kooni, na jambo hilo haligunduliki mpaka mtu ayatamke. Dodoma, Chuo Kikuu Huria, SUZA ya Zanzibar, Kenyatta, Moi, Egerton, Maseno na Makerere navyo vinafundisha Kiswahili, kila kimoja kwa uzito wake.

Shahada ya ualimu inahitaji kufikiriwa peke yake. Mwanafunzi wake hubeba masomo mawili ya kufundishia, kozi za elimu na mazoezi ya kufundisha, kwa hiyo kozi za hiari za fasihi hubanwa. Faida yake ni kwamba ualimu una ajira inayoeleweka, na waandishi wengi wa Kiswahili wamekula mshahara wa ualimu. Si aibu kuchagua kwa kigezo hicho, mradi mtu ajue anachoachia.

Kuhusu sifa za kuingia, Tanzania hutazama alama kuu mbili za kidato cha sita, na mchepuo wa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) ndio uliozoeleka kwa njia hii. Kenya hutaka wastani wa C+ katika mtihani wa kidato cha nne pamoja na alama nzuri ya Kiswahili. Zaidi ya hayo kuna mambo machache ya kuuliza kabla ya kuchagua chuo. Orodha ya kozi ina uandishi wa kubuni au haina, na kama ipo, imewahi kufundishwa karibuni au imebaki jina tu kwenye mtaala? Nani anaifundisha, na amechapisha nini? Maktaba ina riwaya zenyewe au ina vitabu vya uchambuzi peke yake? Chama cha wanafunzi wa Kiswahili kiko hai? Swali la mwisho hupuuzwa, ingawa ndani ya vyama hivyo, na katika makongamano ya CHAWAKAMA yanayowakutanisha wanafunzi wa Kiswahili wa vyuo vya Afrika Mashariki, ndipo wengi husomewa kazi zao na watu wasiowajua kwa mara ya kwanza.

Kuacha jedwali la fani na maudhui

Mwanafunzi hufika mwaka wa kwanza akiwa na mazoea aliyoyapata sekondari, na mazoea hayo yalimfaulisha. Kila kitabu teule alikipasua vipande viwili, fani na maudhui, kisha akavipasua tena: dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa, muundo, mtindo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Pengine kitabu chenyewe hakukimaliza, alisoma mwongozo wake. Insha yake ilifunga kwa kusema kuwa mtunzi amefaulu kwa kiasi kikubwa.

Jedwali hilo halina ubaya kama orodha ya kukumbushia. Ubaya wake ni kwamba linajibu swali ambalo hakuna aliyeliuliza. Insha ya chuo inadai hoja, yaani jambo ambalo msomaji mwingine mwenye akili anaweza kulikataa. Kusema kwamba Kinjeketile inahusu Vita vya Maji Maji na umuhimu wa umoja si hoja, kwani hakuna atakayebisha. Lakini mwishoni mwa tamthilia hiyo Kinjeketile, akiwa mikononi mwa Wajerumani, anakataa kusema kwamba maji yalikuwa uongo, ingawa yeye mwenyewe amekwisha kuyatilia shaka. Je, kukataa huko ni imani au ni siasa? Anayesema ni siasa atalazimika kurudi nyuma na kutafuta ni wapi Kinjeketile anaanza kufikiria watakaokuja baadaye kuliko wapiganaji walio mbele yake, na anayesema ni imani atalazimika kueleza shaka ile. Wote wawili watakuwa wanasoma mazungumzo neno kwa neno, na humo fani na maudhui vitajileta pamoja bila kuitwa kwa majina.

Njia rahisi ya kujizoeza ni kuchukua ukurasa mmoja tu wa riwaya na kuuandikia kurasa tatu. Nani anasimulia hapa, na anajua kiasi gani? Muda unakwenda haraka au umesimama? Sentensi zimerefuka wapi na zimekatika wapi? Ni jambo gani msomaji ameshalijua ambalo mhusika bado hajalijua? Zoezi hili huchosha mwanzoni. Baada ya muhula mmoja mwanafunzi huanza kuyauliza maswali hayohayo kwa kazi yake mwenyewe, na hapo uhakiki unakuwa umeanza kulipa deni lake kwa uandishi.

Madesa, yaani nukuu za wanafunzi waliotangulia zinazopitishwa kutoka mwaka hadi mwaka, yanafaa kwa kujua mhadhiri anapenda kuuliza nini. Kwa kuandikia insha hayafai, wala maandishi yaliyotolewa na akili unde hayafai; yote mawili yanatoa ile insha ya jedwali, ila imepigwa pasi.

Nadharia

Kozi ya nadharia huja mwaka wa pili na huogopesha kwa majina yake: umuundo, umarx, ufeministi, saikolojia-changanuzi, udhanaishi, baada-ukoloni, mwingilianomatini. Kosa la kawaida ni kuitangaza nadharia katika utangulizi kisha isionekane tena mpaka hitimisho, kama mgeni rasmi aliyefungua kikao akaondoka. Nadharia ni mkusanyiko wa maswali. Mwenye kutumia umarx anauliza nani anafanya kazi, nani anakula, na kwa nini hadithi inakionyesha kimoja na kukificha kingine. Ikiwa maswali hayo hayafungui chochote ndani ya kitabu kinachosomwa, nadharia ibadilishwe, kitabu hakilazimishwi.

Suala la asili ya nadharia nalo ni zito. Kezilahabi, katika tasnifu yake ya uzamivu aliyoiwasilisha Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1985, alishughulikia falsafa ya Kiafrika na tatizo la kufasiri fasihi, na riwaya zake za Nagona (1990) na Mzingile (1991) zinasomeka kama mwendelezo wa mawazo hayo kwa njia ya hadithi. Mwanafunzi anayezisoma kwanza huona giza. Akipata muda wa kuzirudia, ataona jinsi mtu anavyoweza kuwa mhakiki na mtunzi kwa pumzi moja. Kwa msingi wa Kiswahili, vitabu vya F.E.M.K. Senkoro, vya M.M. Mulokozi na cha Kimani Njogu na Rocha Chimerah, Ufundishaji wa Fasihi (1999), bado vinahudumia vizuri.

Ushairi, na kesi isiyokwisha

Hakuna eneo ambalo kusoma na kutunga vinakaribiana kama ushairi. Amri Abedi aliweka kanuni za utunzi wa kimapokeo katika Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Miaka 20 baadaye Kichomi ya Kezilahabi ilikuja na mashairi yasiyofuata vina na mizani, na mwaka 1979 Mulokozi na Kahigi walitetea upana zaidi wa ushairi katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu. Mabishano yaliyofuata yalikuwa makali, na darasani bado yanawaka. Mwanafunzi asiharakishe kuchagua upande. Ajifunze kwanza kutunga tarbia inayosimama, kwa sababu anayevunja arudhi asizozimudu msomaji humgundua mapema.

Mfano mdogo unaonyesha kazi ilivyo. Chukua mishororo miwili ya mwanafunzi:

Mvua yanyesha paani, watoto wamejikunja,
Moto haumo jikoni, mama kuni anachanja.

Hesabu imetimia: mizani nane ukwapi, nane utao. Aliyetunga amejua hata kwamba *m* ya «mtu» ni mizani inayojitegemea na *m* ya «mvua» siyo. Vina ni «ni» na «nja». Kwa mujibu wa sheria hakuna kosa. Lakini mama huyu anachanja kuni mvuani kwa sababu gani? Amepelekwa nje na kina cha «nja». Mshororo wa kwanza uliishia «wamejikunja», na wa pili ukatafuta neno lolote lenye mwisho huo. Mpangilio wa maneno nao umepinduliwa, kuni zimetangulia kitenzi, bila faida ya maana. Dawa ni kurudi kwenye mshororo wa kwanza na kuubadilisha huo:

Mvua yanyesha paani, watoto watazamana,
Moto haumo jikoni, na kuni kavu hakuna.

Vina sasa ni «ni» na «na», mizani ni zilezile, na njaa imeonekana bila kutajwa. Utunzi wa kimapokeo hufundisha hasa hili: kina kikigoma, kosa mara nyingi liko mshororo mmoja nyuma. Anayeshika somo hilo atalitumia hata katika shairi huru, ambako swali la mshororo ukatwe wapi ni gumu zaidi kwa kuwa hakuna hesabu ya kuegemea.

Tungo za zamani zisomwe kwa sauti, si kwa macho tu. Utendi wa Tambuka, wenye hati ya mwaka 1728, Al-Inkishafi, na Utendi wa Mwana Kupona wa 1858 zina msamiati wa Kiamu na Kipate unaohitaji kamusi na subira. Hati nyingi za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zimehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na J.W.T. Allen alizitolea katalogi mwaka 1970. Anayejifunza kuzisoma hati hizo anajifungulia eneo ambalo watafiti wake ni wachache.

Fasihi simulizi

Kozi hii humtoa mwanafunzi darasani. Atatakiwa kukusanya ngano, nyimbo za kazi, vitendawili, miviga au majigambo, na wengi hufanya hivyo kwa kumpigia bibi simu. Data ya namna hiyo hujulikana: hadithi imefupishwa, haina hadhira, haina wimbo katikati. Utendaji ndio kazi yenyewe, kwa hiyo msimulizi arekodiwe akiwa mbele ya watu wake, na kinachoandikwa kijumuishe vicheko, maitikio, mahali aliposimama na mahali alipokatizwa na mtu anayedai kwamba hadithi haiendi hivyo. Katizo hilo mara nyingi lina thamani kuliko ngano.

Ruhusa ni ya lazima na ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ya msimulizi: aelezwe rekodi itakwenda wapi na kama jina lake litatajwa. Ya pili ni ya kiserikali. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza kwa kawaida hupewa barua na chuo, lakini utafiti mkubwa huhitaji kibali, cha COSTECH nchini Tanzania au NACOSTI nchini Kenya. Baada ya kurekodi kuna kunukuu, kazi ambayo dakika kumi zake zinaweza kula asubuhi nzima. Lahaja isisanifishwe wakati wa kunukuu. Tafsiri au maelezo yawekwe pembeni.

Kuanzisha karakana

Kwa kuwa ratiba ya chuo haina karakana ya kutosha, wanafunzi huiunda wenyewe. Watu wanne hadi sita wanatosha. Wakizidi, nusu yao watakuwa watazamaji. Kazi itumwe siku kadhaa kabla, kwa kundi la WhatsApp au kwa nakala za karatasi, ili watu waje wameshaisoma. Kikao kimoja kishughulikie kazi moja au mbili. Mwandishi anyamaze mpaka wengine wamalize, kwani hadithi ikishachapishwa hatakuwapo kumwelezea msomaji alichokusudia. Maoni yaelekeze kidole kwenye sentensi. «Imenigusa sana» haimsaidii mtu, na «haina mvuto» haimsaidii zaidi.

Tuseme kikao kimeletewa mwanzo huu: «Katika kijiji kimoja aliishi kijana maskini sana aliyeitwa Juma, ambaye alikuwa na huzuni kubwa moyoni kwa sababu baba yake mpenzi alikuwa amefariki dunia.» Sentensi ni sahihi kisarufi. Imemaliza kila kitu kabla hadithi haijaanza: umaskini umetangazwa, huzuni imetangazwa, sababu imetolewa. Karakana nzuri haitampa mwandishi sentensi mbadala mara moja, itamuuliza maswali. Juma anafanya nini siku hiyo? Kuna kitu gani cha baba kilichobaki nyumbani? Wiki ijayo huenda akarudi na hiki: «Siku ya arobaini Juma alivaa viatu vya baba yake. Vilimzidi namba mbili, akajaza magazeti mbele.» Kifo kimo, umaskini umo, huzuni imo, na msomaji anataka kujua anakwenda wapi na viatu hivyo.

Suala la lahaja na lugha ya mtaani litazuka katika kila karakana. Kiswahili sanifu ni lugha ya insha na mtihani; msimulizi wa hadithi anaweza kuwa wa Pemba, wa Lamu, wa Lubumbashi au wa Eastlands ya Nairobi. Said Ahmed Mohamed, mzaliwa wa Zanzibar, ameandika riwaya ambazo msamiati wake umewapeleka wasomaji wengi wa bara kwenye kamusi, na bado zimesomwa shuleni. Kinachotakiwa ni uthabiti: mhusika asiongee Kimvita ukurasa wa pili na kitabu cha sarufi ukurasa wa tano.

Tafsiri ni zoezi ambalo karakana nyingi hulisahau. Kutafsiri kurasa mbili za mwandishi mzuri kunamlazimisha mtu kupima kila neno, na kuna soko. Riwaya ya Paradise ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyefundisha fasihi Chuo Kikuu cha Kent na kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, ilipatikana kwa Kiswahili mwaka 2022 kwa jina la Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis.

Mada ya utafiti

Mwaka wa mwisho huleta mradi wa utafiti, na uzamili huleta tasnifu. Mada hufa kwa upana. «Nafasi ya mwanamke katika Rosa Mistika» imeandikwa mara nyingi kiasi kwamba msimamizi anaweza kuitabiri kurasa zote. Kupunguza upana ni kurudi kitabuni na kutafuta kitu kidogo kinachojirudia au kinachosumbua. Katika riwaya hiyo, mapema kabisa, Rosa anapigwa na baba yake kwa sababu ya barua kutoka kwa mvulana. Basi mtafiti anaweza kuuliza kuhusu barua: nani ndani ya riwaya anasoma maandishi ya mwingine, kwa idhini ya nani, na nani analipia? Swali hilo bado linahusu mwanamke, ila sasa lina mpini wa kushika. Linaweza pia kuunganishwa na historia ya kitabu chenyewe, ambacho kilizuiwa kutumika shuleni baada ya kutoka: riwaya inayohusu kusomwa kwa siri ikaishia kusomwa kwa siri.

Msimamizi achaguliwe kwa kasi yake ya kusoma kama anavyochaguliwa kwa jina lake. Profesa mashuhuri anayerudisha sura baada ya miezi sita atamchelewesha mtu mwaka. Apelekewe sura fupi zilizokamilika badala ya rundo la rasimu, na kila kikao kiandikwe kwa ufupi na kutumwa kwake kwa barua pepe ili makubaliano yasipotee.

Wanaoendelea na masomo nje ya nchi hukuta Kiswahili Bayreuth, Leipzig, Hamburg, Naples, SOAS ya London na katika vyuo kadhaa vya Marekani. Kongamano la Kiswahili la Bayreuth ni mahali pazuri pa kujaribia makala ya kwanza. Tahadhari ni moja: huko utafiti wa fasihi ya Kiswahili huandikwa zaidi kwa Kiingereza au Kijerumani, na mwandishi anayekaa muda mrefu bila kutunga kwa Kiswahili huhisi mkono umepata kutu.

Baada ya mahafali

Kazi zinazopatikana kwa shahada hii ni ualimu, uhariri, tafsiri na ukalimani, utangazaji, na uandaaji wa miswada ya filamu na michezo ya redio. Uhariri ndio unaomfunza mwandishi zaidi, kwa kuwa humwonyesha miswada ya watu wengine ikiwa bado haijavaa nguo.

Kuhusu uchapishaji, ni vyema kujua mapema kwamba wachapishaji wa Kenya na Tanzania hutegemea sana soko la shule. Kitabu kikichaguliwa kuwa kiteule huuza kwa maelfu. Kisipochaguliwa huweza kukaa ghalani. Shule zina vichujio vyake, yaani taasisi za mitaala, TET kwa Tanzania na KICD kwa Kenya, na mwandishi wa mambo mazito ya watu wazima ajue kwamba mchapishaji atamuuliza juu ya hilo hata kabla ya kuuliza juu ya ploti. Njia nyingine ni tuzo. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati-Cornell, ambayo baadaye iliitwa Safal-Cornell, ilianzishwa mwaka 2014 na hupokea pia miswada isiyochapishwa. Washindi wake wa mwaka 2015, Anna Samwel Manyanza kwa Penzi la Damu na Mohammed Ghassani kwa diwani ya N'na Kwetu, walichapishwa na Mkuki na Nyota. Tanzania ina Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, na Kenya ina Tuzo ya Jomo Kenyatta iliyo na kundi la Kiswahili. Masharti ya urefu na tarehe hubadilika, kwa hiyo tangazo la mwaka husika lisomwe lote.

Mkataba ukija usitiwe saini siku hiyohiyo. Mrabaha mara nyingi huzunguka asilimia 10, na la kuuliza ni asilimia ya nini: ya bei ya dukani au ya fedha halisi anazopokea mchapishaji baada ya punguzo. Muda wa mkataba, kurudishiwa haki kitabu kikiisha sokoni, na taarifa ya mauzo ya kila mwaka viwe kwenye maandishi. Haki za tafsiri, redio na filamu zitajwe moja moja. Waandishi chipukizi huviruka vifungu hivyo kwa kuona ni vya ndoto. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi ilichapishwa mwaka 1999 na ikawa filamu mwaka 2021.